Murundu na Jamaa Zake Wanapougua: Utatuzi wa Matatizo kwa Kufuata Dalili

Miti ya jenasi ya Celtis, yenye spishi zaidi ya 60 zilizotawanyika Afrika, Asia, Ulaya na Amerika, ina tabia moja inayowapotosha wengi wanaoitunza: majani yake huonyesha kila kasoro mapema, ilhali shina na mizizi huugua kimyakimya kwa miaka. Nimewahi kuitwa kutazama mti ambao mwenyewe alikuwa ameupulizia dawa mara tatu kwa sababu ya viwavi, na huku ng'ombe wake akifungwa kwenye shina la mti huohuo kila siku, mpaka kamba ikalila gome kuzunguka pande zote. Viwavi wasingeuua ule mti, kamba iliuua.

Mwongozo huu unafuata dalili, kwa sababu ndivyo watu wanavyouliza. Chini ya kila dalili nimeanza na kisababishi kinachotokea mara nyingi zaidi, kisha vile vya nadra. Ombi langu ni kwamba, kabla ya kuamua lolote kuhusu jani, uiname kwanza uchunguze shingo ya mti, yaani pale shina linapokutana na udongo. Ukague kwa vidole, si kwa macho tu.

Murundu ni jina la Kikuyu la Celtis africana, mti wa asili unaopatikana kuanzia Ethiopia hadi Afrika Kusini, na nalitumia hapa kwa sababu ndilo ninalolisikia kila siku katika vitalu vya nyanda za juu za Kenya. Jamaa zake wa Marekani, hasa Celtis occidentalis ambao wenyeji huuita hackberry, na Celtis laevigata wa majimbo ya kusini, nimewaingiza kwa sababu wasemaji wenzetu wa Kiswahili walioko Minnesota, Ohio na Texas huwakuta uani mwa nyumba wanazohamia, wakiwa na vinundu na unga mweupe visivyofahamika huku kwetu.

Kabla ya yote: je, mti wako ni Celtis kweli?

Sehemu kubwa ya malalamiko ya "murundu wangu umezeeka upesi" huwa hayahusu murundu bali mpesi, Trema orientalis, ambao ni wa familia hiyohiyo na hufanana nao ukiwa mchanga. Mpesi ni mti wa kutangulia: huota mahali palipofyekwa au palipoporomoka, hukua kwa kasi ya kushangaza, kisha huchoka mapema kuupisha msitu. Si ugonjwa, ndiyo maisha yake.

Chuma jani moja ulishike dhidi ya mwanga. Katika miti yote miwili utaona mishipa mitatu mikubwa ikianzia kwenye kitako cha jani, na mara nyingi kitako hicho hakilingani, upande mmoja ukiwa umeshuka kuliko mwingine. Tofauti iko ukingoni: jani la murundu lina meno kwenye sehemu ya juu tu, na upande wa chini ukingo ni laini, wakati jani la mpesi lina meno madogo kuanzia chini hadi nchani. Kisha tazama matunda. Ya murundu huning'inia moja moja au machache kwenye vikonyo vyembamba na virefu, yakiiva kuwa ya manjano hadi kahawia; ya mpesi hukaa kwa vishada karibu kabisa na tawi, vikonyo vyake ni vifupi mno, na yakiiva huwa meusi.

Wapo wanaoingiwa na hofu wakisikia kwamba miti hii imewekwa na wanabotania katika familia ya Cannabaceae, pamoja na bangi na mmea wa hopsi unaotiwa kwenye bia. Uainishaji huo ni sahihi na unatokana na uchunguzi wa vinasaba, lakini undugu huo haumfanyi murundu kuwa mmea wa kulevya. Mbuzi na ng'ombe hula majani yake, na wakulima wengi huyakata kuwa malisho wakati wa kiangazi.

Dalili: mti umepukutisha majani yote

Kisababishi cha kwanza ni msimu. Murundu hupukutisha majani wakati wa ukavu, na mtu aliyezoea mikaratusi na migrevilea iliyo kijani mwaka mzima huona kama mti umekufa ghafla. Jaribio lake ni rahisi: kwangua kwa ukucha gome la kitawi chembamba. Ukiona ukijani wenye unyevu chini yake, na machipukizi yakiwa magumu na yamefumba vizuri, mti umelala tu. Usimwage maji kwa hofu, usitie mbolea, ngoja mvua. Kwa jamaa wa Marekani, hali hiyo hutokea majira ya majani kuanguka, na mti hukaa uchi hadi majira ya kuchipua.

Kama majani yameliwa na si kuanguka, yaani vikonyo na mishipa vimebaki, tafuta viwavi. Kipepeo Libythea labdaca, ambaye ni rahisi kumtambua kwa mdomo wake mrefu uliochongoka mbele ya kichwa, hutaga mayai kwenye miti ya Celtis ya Afrika, na mwaka viwavi wake wakizidi wanaweza kuuacha mti mtupu. Huko Marekani binamu yake Libytheana carinenta hufanya hivyohivyo, na vilevile Asterocampa celtis, ambaye hata jina lake limetokana na mti wenyewe. Mti mkubwa wenye afya huchipua tena ndani ya majuma machache, wala sijaona sababu ya kuupulizia dawa. Mche wa chini ya miaka miwili ndio unaostahili kuokotewa viwavi kwa mkono, asubuhi kabla jua halijapanda.

Kisababishi cha tatu ndicho kinachonitia wasiwasi: majani yanaponyauka na kuanguka yakiwa bado kijani au nusu kijani, nje ya msimu wake, na upande mmoja wa mti ukitangulia. Hapo uliza ni nini kilichochimbwa katika miaka miwili iliyopita. Mtaro wa bomba la maji, msingi wa ukuta, shimo la choo, barabara iliyoshindiliwa kwa mashine: chochote kilichokata au kubana mizizi upande ule hujibiwa na matawi ya upande ule. Mwagilia kwa kina mara moja kwa juma wakati wa kiangazi, tandaza matandazo ya majani makavu kwa unene wa kiganja bila kugusa shina, na zuia watu kupitisha magari hapo. Ikiwa zaidi ya theluthi ya mizizi imekatwa upande unaoelekea nyumba, usingoje kuona kama mti utapona. Mwite mtaalamu aupime uimara wake kabla ya mvua za masika kulainisha udongo.

Dalili: majani yamejaa vinundu kama chunusi

Hili ndilo swali linalotoka Marekani kuliko yote. Upande wa chini wa jani la Celtis occidentalis huota vinundu vidogo vilivyochongoka, saa nyingine kumi au zaidi kwenye jani moja, na mti mzima ukaonekana kama umeshikwa na ndui. Msababishaji ni mdudu mdogo wa kundi la silidi, Pachypsylla celtidismamma, na ndugu yake Pachypsylla celtidisvesicula hutengeneza malengelenge bapa badala ya vinundu vilivyosimama.

Ukitaka kuondoa shaka, chukua jani mwezi wa Agosti, pasua kinundu kimoja taratibu kwa wembe, ukianzia juu kuelekea chini. Ukuta wake ni mnene na mgumu kuliko unavyotarajia, wenye majimaji, na katikati kuna chumba kidogo ambamo kidudu cha manjano, kisichofika ukubwa wa punje ya mtama, kimejikunja. Chumba hicho hakikujengwa na mdudu. Jani lenyewe ndilo lililokijenga: kidudu kilipoanza kufyonza jani changa likiwa linakunjuka, seli zilizokizunguka zikaota kupita kiasi mpaka zikakifunika.

Kwa hiyo dawa inayopuliziwa baada ya vinundu kuonekana haina faida yoyote, kwa sababu mdudu amekwisha kujifungia ndani ya ukuta ambao mti umemjengea. Jani lenye vinundu huendelea kutengeneza chakula cha mti karibu kama kawaida. Mti uliokomaa hauuawi na vinundu hivi, na mimi humshauri kila aniulizaye aviache.

Usumbufu wa kweli huja baadaye. Ifikapo Septemba na Oktoba wadudu waliokomaa hutoka kwenye vinundu na kutafuta nyufa za magome pa kujificha wakati wa baridi, na nyumba yenye madirisha yaliyolegea huwafaa vilevile. Ni wadogo kiasi cha kupenya wavu wa kawaida wa kuzuia mbu. Hawaenezi ugonjwa, hawazaliani ndani ya nyumba, wala hawali nguo au nafaka. Ziba nyufa za fremu za madirisha na milango kabla ya Septemba, na walioingia uwanyonye kwa mashine ya kufyonza vumbi. Kupulizia sumu chumbani wanamolala watoto kwa sababu ya wadudu hawa ni kosa, nami nalisema bila kusita.

Dalili: majani yananata, kisha yanakuwa meusi kama yamepakwa masizi

Weusi huo ni ukungu unaoota juu ya majimaji matamu yaliyodondoshwa na wadudu wafyonzao utomvu. Ukungu wenyewe hauingii ndani ya jani. Ukilipangusa kwa kitambaa chenye maji huondoka. Swali ni nani anayedondosha majimaji hayo.

Nchini Marekani anayeongoza ni kidukari kutoka Asia, Shivaphis celti, aliyegunduliwa jimbo la Georgia mwaka 1996 na kufika California mwaka 2002. Ni rahisi kumtambua: kila kidukari amejifunika nyuzi nyeupe kama pamba, na ukitikisa tawi utaona vipande vyeupe vikipeperuka hewani. Magari yaliyoegeshwa chini ya mti huwa na utando unaonata kila asubuhi. Huku kwetu, kabla ya kufikiria kidukari huyo, angalia vitawi na upande wa chini wa majani kutafuta wadudu gamba, ambao hawasogei na huonekana kama vijichubuko vya gome. Ukiona sisimizi wakipanda na kushuka kwenye shina kwa mstari, fuata mstari huo; watakupeleka kwa wafyonzaji, maana wanawalinda kwa ajili ya utamu wao.

Hatua ya kwanza ni maji. Mpira wa bustani wenye nguvu ya wastani, ukielekezwa chini ya majani ya mti mdogo mara mbili au tatu kwa juma, huwaangusha vidukari wengi wasiweze kurudi. Hatua ya pili ni kuwapa nafasi mbawakawa wadogo wekundu wenye madoa meusi na mabuu yao, ambao hula vidukari kwa mamia. Ukipulizia sumu kali unawaua hao kwanza, na vidukari hurudi bila mpinzani. Maji ya sabuni isiyo kali yanafaa kwa mti unaoweza kuufikia wote, baada ya kujaribu tawi moja na kungoja siku mbili.

Zipo dawa zinazomwagwa udongoni zikanywewa na mizizi hadi majanini. Hapa ndipo pa kusimama. Dawa hizo huwadhuru nyuki na wadudu wengine wema, zinaweza kupenya kwenye maji ya kisima, na kipimo chake hutegemea unene wa shina. Aliye na mti mkubwa unaonata kiasi cha kuharibu maisha ya nyumba amwite mtu mwenye leseni ya kupulizia, na kama majani ya mti huo hukatiwa mifugo, dawa hizo zisitumike kabisa.

Dalili: majani yamegeuka manjano

Namna ya umanjano hueleza karibu kila kitu. Majani ya chini na ya zamani yakitangulia kuwa manjano yote, udongo umechoka. Weka samadi iliyooza vizuri kuzunguka mwisho wa kivuli cha matawi, si kwenye shina. Baadhi ya watu husema miti hii hujitengenezea naitrojeni kama mikunde, na kwamba haihitaji samadi. Chanzo cha maneno hayo nadhani ni taarifa ya mwaka 1973, ambapo mtafiti Trinick alieleza vinundu vya naitrojeni kwenye mizizi ya mti wa Papua New Guinea aliodhani ni Trema. Baadaye ilibainika kwamba mti ule ulikuwa wa jenasi nyingine ya familia hiyo, Parasponia. Celtis haina uwezo huo, wala mpesi.

Majani machanga yakiwa manjano huku mishipa ikibaki kijani, mti unakosa madini ya chuma, na mara nyingi si kwa kuwa hayamo udongoni bali kwa kuwa mizizi imezama kwenye maji yaliyotuama au udongo una chokaa nyingi kupita hata uvumilivu wa Celtis, ambao ni mkubwa. Chimba shimo la kina cha mkono hatua mbili kutoka shinani. Likijaa maji au udongo ukinuka kama yai bovu, tatizo ni maji, nalo huondolewa kwa mfereji na si kwa mbolea.

Aina ya tatu huonekana kwenye Celtis occidentalis: vipande vya manjano vyenye pembe, vilivyokatwa na mishipa kama viraka, katikati ya jani la kijani. Hali hiyo inahusishwa na virusi. Haina tiba, haiui mti, na haihitaji kufanyiwa chochote.

Dalili: vishada vya vitawi kama fagio

Hutokea zaidi kwa Celtis occidentalis, na huonekana vizuri mti ukiwa hauna majani: vitawi vingi vifupi vimechomoza kutoka kituta kimoja. Utitiri mdogo usioonekana kwa macho na kuvu wa ubwiri unga hukutwa pamoja kwenye machipukizi hayo, ambayo huwa ya kijivu, yamelegea na yana manyoya. Unaweza kukata vishada vilivyo karibu, kwa ajili ya sura tu. Usipande kwenye mti mrefu ili kuviondoa, kwa maana hatari ya kuanguka ni kubwa kuliko madhara ya vishada vyenyewe. Anayepanda upya mahali ambapo tatizo hili limezidi achague Celtis laevigata, ambao huathirika kidogo sana.

Dalili: mbegu hazioti

Kwa murundu, kisababishi kikuu ni mbegu kukaa. Watu hukusanya matunda yaliyoanguka bila kujua yameanguka lini, wakayaweka kwenye mfuko wa nailoni, yakachacha. Kusanya yaliyoiva mtini, yaanike juani, kisha yasugue kati ya viganja au juu ya wavu mpaka nyama itoke na kokwa jeupe lenye mikwaruzo libaki. Yatie kwenye maji: yanayoelea yaondoe. Panda zile zilizozama upesi, kwenye mchanga wa mtoni uliochanganywa na mboji kidogo, uzifunike kwa udongo mwembamba tu, na uweke kitalu kwenye kivuli chepesi. Mbegu mpya huota kati ya siku 8 na 30. Ukifika mwezi na nusu bila kitu, fukua chache uzipasue: zikiwa tupu au zimeliwa ndani, tafuta mti mama mwingine. Asiye na mti wa kukusanyia anaweza kuulizia mbegu katika Taasisi ya Utafiti wa Misitu ya Kenya, KEFRI, iliyoko Muguga.

Kwa mti wa Marekani kanuni ni tofauti kabisa, na aliyezoea murundu atafadhaika. Mbegu za Celtis occidentalis zinahitaji baridi ndipo ziamke: zichanganye na mchanga wenye unyevu, ziweke kwenye friji, nyuzi joto 5 hivi, kwa siku 60 hadi 90, au uzipande nje kabla ya majira ya baridi na kuzifunika wavu dhidi ya panya. Nazo mbegu za mpesi huota polepole na kwa kupishana sana, hivyo usimwage kitalu mapema.

Onyo la kupanda mti wa kigeni. Celtis sinensis, mti wa asili ya China, Japani na Korea, ulipelekwa Australia kwa ajili ya kivuli, na leo ndege wameusambaza kando ya mito ya Queensland kiasi kwamba umewekwa katika orodha ya mimea vamizi. Aliye Afrika Mashariki hana sababu ya kuuagiza. Murundu hutoa kivuli kilekile, na ndege wa hapa wanaujua.

Dalili: mche umesimama, haukui

Wa kulaumiwa kwanza ni mbuzi. Tazama ncha: ikiwa imekatwa butu na vitawi vingi vimechipuka chini yake, mche unaliwa usiku na mchana, na hakuna mbolea itakayoshinda meno. Uzungushie miiba.

Kisababishi cha pili ni kiriba, yaani mfuko wa nailoni wa kuoteshea mche. Nilipanda murundu kumi kando ya uzio miaka kadhaa iliyopita, miche niliyoinunua ikiwa mirefu na mizuri, na mmoja ulibaki kimo kilekile kwa miaka mitatu mfululizo, kisha ukakauka katika wiki mbili za Februari. Nilipoung'oa, ulitoka kwa mkono mmoja. Nailoni nyeusi ilikuwa bado imezunguka udongo, imepasuliwa upande mmoja tu, na ndani yake mizizi ilikuwa imejisokota kama kamba ya katani, mmoja mnene ukiwa umeipiga shingo ya shina kitanzi na kuikaba mpaka gome likabonyea. Mche ule ulikuwa umekaa kitaluni muda mrefu kabla haujanifikia. Tangu siku ile sipandi mche kabla ya kuondoa kiriba chote, kufungua mizizi ya nje kwa vidole, na kukata ule unaozunguka. Na sichagui tena mche mrefu zaidi. Nachukua mfupi, mnene, wenye mizizi myeupe.

Mti uliokwisha kupandwa nao unaweza kukaguliwa. Fukua udongo kuzunguka shingo kwa kijiti, taratibu, hadi uone mizizi ya kwanza ikitanuka. Shina linaloingia ardhini likiwa limenyooka kama nguzo bila kutanuka upande mmoja huwa na mzizi unaolikaba pale. Mzizi usiozidi unene wa kidole gumba unaweza kuukata mwenyewe kwa patasi. Mnene kuliko huo, uliokwisha kuzama kwenye gome, mwachie mtaalamu. Ukiukata vibaya utaondoa pia nusu ya riziki ya mti.

Dalili: matawi ya juu yanakauka, au kitu kinaota kwenye kitako

Matawi membamba machache yaliyokauka ndani ya kivuli ni jambo la kawaida. Matawi ya kileleni yakikauka kutoka ncha kuelekea chini, mwaka hadi mwaka, shuka chini utafute sababu kwa mpangilio huu.

Anza na majeraha. Gome la murundu ni jembamba, laini na la kijivu. Panga la mkata nyasi, moto wa takataka, msumari na waya wa senyenge, kamba ya mifugo, vyote huliumiza kwa urahisi, na miti ya Celtis kwa jumla haina uwezo mkubwa wa kuzuia uozo usisambae kutoka kwenye jeraha. Ondoa kinachoumiza. Usipake lami wala rangi. Hufungia unyevu ndani. Punguza kwa wembe mkali kingo zilizochanika za gome, uache jeraha likauke, na uweke uzio mdogo.

Kisha gonga shina kwa rungu dogo kuanzia chini hadi kimo chako, ukisikiliza. Sauti nzito na kavu ni mbao nzima. Sauti ya ngoma ni uwazi. Tafuta matundu yanayotoa unga wa mbao, na njia za udongo za mchwa. Wadudu watobozi kwa kawaida huja kwa mti uliokwisha kudhoofika, kwa hiyo kuwaua bila kushughulikia udhaifu hakusaidii. Mfano wa kutahadharisha uko South Carolina, ambako miti ya Celtis laevigata imekuwa ikikauka kwa wingi kwa zaidi ya muongo mmoja: mbawakawa Agrilus macer hukutwa kwenye mashina yake, lakini watafiti wa huko hawamchukulii kuwa ndiye aliyeanza kuidhoofisha.

Mwisho, piga magoti utazame kitako chote kwa uyoga mgumu, uliojishikiza kama sahani iliyokatwa nusu, wenye mng'ao wa kahawia juu na ukingo mweupe. Hiyo mara nyingi ni Ganoderma, na inapoonekana nje, uozo ndani ya kitako na mizizi umekwisha kuwa wa siku nyingi. Kuuvunja uyoga hakuponyi. Majani yanaweza kuwa kijani na mazuri kabisa juu ya mti ambao mizizi yake haiwezi tena kuushikilia.

Katika hali hizi usijaribu mwenyewe: uyoga kitakoni, ufa unaopita kwenye shina au kwenye panda ya matawi mawili makubwa, udongo ulioinuka upande mmoja baada ya upepo, mti unaoinamia nyumba, njia ya watoto wa shule au nyaya za umeme. Kwa nyaya, usiguse hata tawi moja kabla shirika la umeme halijakata njia hiyo. Kwa mti wa asili, muulize afisa wa misitu wa eneo lako kuhusu kibali kabla ya kuukata. Na mtaalamu anapokuja, mpe picha za mti wa miaka iliyopita kama unazo, mweleze kilichochimbwa karibu na lini, mwonyeshe mahali pa kila jeraha, na umwambie ni nani hukaa au hupita chini ya mti huo na saa ngapi, kwa sababu uamuzi wa kuupunguza, kuuegemeza au kuuangusha hutegemea hilo la mwisho kuliko umri wa mti wenyewe.